Herufi Tatu

Mwalimu kaagiza: maana kumi
za kitenzi kimoja cha Kiingereza,
kile chembamba, cha herufi tatu,
kile cha kukimbia.
Struan ana miaka tisa na penseli iliyotafunwa.
Ya kwanza kaandika: miguu, haraka.
Ya pili hana.

Jikoni, Dundee, ghorofa ya tatu,
mvua inaosha dirisha na kulichafua tena.
Bibi yake, Effie Lamond, hajakimbia
tangu goti la kushoto lilipomgomea.
"Andika," anasema, mgongo kampa.
"Bomba la bafuni: maji yanakimbia.
Nimesahau kulifunga. Nenda, halafu urudi uandike."

Akarudi na mikono iliyolowa.
"Pua nayo," na leso akamrushia,
"pua inakimbia nawe umekaa.
Soksi yangu hii, tazama,
uzi umekatika kisiginoni
ukapanda hadi gotini kama ngazi:
hiyo nayo imekimbia.
Shati jekundu ulilolitia maji ya moto
likazipaka foronya zangu zote waridi:
rangi ilikimbia.
Basi la ishirini na mbili hukimbia kila nusu saa,
hata likiwa limesimama.
Diwani anakimbia apate kiti.
Na maziwa yamekwisha: tumeyakimbia,
au yametukimbia, sijui nani alianza.
Kiwandani, mashine za juti nilizikimbiza
miaka ishirini na sita,
sita kwa mpigo,
nami nimesimama wima."

Mimi ninayeyasimulia haya kwa Kiswahili
nacheka, kisha nafunika mdomo.
Kwetu maji hutiririka, uzi hufumuka,
rangi huchuja, mwenye uchu wa kiti hugombea,
kila jambo na mlango wake, kila mlango na ufunguo.
Lakini tunapiga simu, tunapiga pasi,
tunapiga picha, kura, chafya, magoti,
tunapiga hata kimya,
na hakuna anayevimba jicho.
Nyani haoni kundule.

"Tisa," Struan anahesabu kwa ncha ya penseli.
"Bado moja. Ile uliyomwambia daktari kwenye simu,
kwamba kwetu inakimbia ndani ya ukoo.
Ni nini kinachokimbia?"

Effie anazima jiko.
Uji haujaiva.

Babu yake Struan alitoka Jumanne moja
kurudisha ngazi ya jirani.
Ngazi ilikutwa imeegemezwa ukutani, safi,
imefutwa hata matope.
Baba yake Struan, miaka thelathini baadaye,
hakuwa na ngazi ya kusingizia.

Ningeweza kumwazima maneno:
toroka, timka, tokomea,
chapa lapa, ingia mitini.
Ninayo tele, achague lisilomchoma.
Yeye analo hilo moja tu, herufi tatu,
na leo asubuhi kalimaliza
kwenye pua, kwenye foronya, kwenye maziwa.

"Goti," anasema.
"Goti bovu. Mama yangu alikuwa nalo,
na mama yake. Linakimbia katika ukoo."

Struan anacheka hadi penseli inaanguka.
Goti lisiloweza kukimbia, linakimbia!
Anaandika: kumi. Anapiga mstari chini yake,
mara mbili, kwa rula.

Kisha, chini ya meza,
anakunja goti lake la kushoto,
analinyoosha, analikunja tena,
kujaribu.
Linatii.
Effie kageuka, mwiko mkononi,
anaangalia jinsi linavyotii.